Mama Alipozisugua Shilingi za Babu

Mimi huuza mitumba mjini Kakamega, na ukweli ni kwamba kazi yangu si kuuza bali kukadiria. Kamba za belo zikikatwa asubuhi, wenzangu wakiwa bado wanajuliana hali, mimi nimeshajua koti lipi ni kamera, yaani lile la kutundikwa juu kabisa, na lipi litaishia fagia, lile rundo la mwisho ambalo watu huchakura kwa bei ya bure. Napapasa kola, nageuza kwapa, natazama magoti. Nguo iliyovaliwa haina siri. Hakuna mtu sokoni kwetu aliyewahi kunipiga chenga kwenye bei, na nilipenda kulisema jambo hilo, hasa mbele za watu.

Nalitaja mapema ili usije ukadhani niliharibu mambo kwa kutojua. Niliharibu kwa kujua.

Mama yangu anaishi Shinyalu, kwenye boma aliloolewa, kati ya shamba la mahindi na mistari michache ya majani chai. Baba alishafariki. Ndugu zangu wako mbali na wana ushauri mwingi kuliko nauli, kwa hiyo mama ni wangu. Mimi nina jina la mama yake mzazi, ndiyo sababu yeye huniita mama na mimi namwita mama, na mgeni akitusikia tukizungumza huwa hajui nani amemzaa nani.

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilimkuta akimimina chai kando ya kikombe. Alicheka, akapangusa meza kwa kiganja, akamimina tena kando. Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa macho mjini. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alisema ni presha ya macho, na kwamba ilikuwa imeshaanza kuyala kutoka pembeni.

"Kile kimeenda hakirudi," akaniambia. "Kile kimebaki tunaweza kulinda, lakini msikae."

Alitaka mama afanyiwe upasuaji. Alisema wiki, hakusema miezi. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilimuuliza mara mbili.

Pesa za upasuaji hatukuwa nazo. Tulipofika nyumbani mama aliingia chumbani, akapapasa chini ya kitanda, akatoka na mkebe wenye kutu mdomoni. Ndani ya mkebe mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa shilingi kumi na moja za zamani, zenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili.

Nilizijua tangu utotoni, ingawa hatukuruhusiwa kuzichezea. Baba yake mama alichimba dhahabu kwenye mashimo ya wazungu huku kwetu, na katika mishahara yake aliweka kando shilingi moja moja, zile alizoziona nzito mkononi. Siku mama alipoolewa, ng'ombe wakiwa wameshapokelewa na wazee wameshashiba, babu alimwita nyuma ya jiko akampa kile kitambaa. Alimwambia hizi si za mume wala za mashemeji, hizi ni zako. Mama hakuwahi kuzigusa, hata mwaka ule tuliporudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo, sote watatu kwa mpigo. Sasa aliniwekea mkebe mapajani.

"Uza hizi, mama," akasema. "Wewe ndiye unajuanga bei ya vitu kuukuu."

Maneno hayo yalinikolea. Nilijiona mtu.

Nikaanza kujifunza. Mchana wateja wakipungua, nilikaa juu ya belo na simu mkononi, nikasoma kila nilichokipata. Niligundua kwamba sarafu iliyotembea mikononi mwa watu husomwa kama nguo. Unaanza na sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo huchakaa kwanza: taji la mfalme, sikio lake, nywele za ndevu, na upande wa pili manyoya ya shingoni mwa simba na vilima vilivyo nyuma yake. Kama manyoya bado yanahesabika, hiyo ni kamera. Kama simba amebaki umbo tu, hiyo ni fagia. Unatazama ukingo kama umepigwa pengo, unatazama mwaka, maana miaka mingine zilitengenezwa chache. Nilikwenda kwa sonara mmoja mjini anipimie. Aliziweka kwenye mizani, akaigonga moja juu ya kioo akaisikiliza, kisha akanipasulia: fedha humo ndani ni robo tu, iliyobaki ni shaba na mchanganyiko. Kwa uzito wake zisingelipa hata siku mbili za kitanda cha hospitali. Thamani yote, alisema, ilikuwa kwenye sura, na sura hununuliwa na mtu anayekusanya sarafu.

Jambo moja kila mjuzi alilirudia: usizioshe. Ule weusi wa miaka ni ngozi ya sarafu, na ukiutoa mnunuzi anakupa mgongo. Nililisoma siku ya kwanza kabisa. Sikumwambia mama. Niliona elimu hiyo ni ya biashara, kwa hiyo ni yangu, na kazi ya mama ilikuwa kukaa kusubiri.

Nilizipiga picha juu ya gazeti, nikazituma kwenye kundi la wakusanyaji mtandaoni. Kabla ya jioni mtu mmoja wa Nairobi alinipigia. Alikuwa na sauti ya mtu asiye na haraka. Saba kati ya zile, alisema, ni za kawaida. Tatu ni nzuri. Moja ni ya mwaka usioonekana sana na simba wake bado ana manyoya; hiyo angeinunua hata kesho, na zile nyingine angezichukua pamoja nayo. Akataja bei. Ilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya pesa za upasuaji.

Wiki hiyo hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumtazama mama, wakaleta sukari na unga. Kiongozi wao ni mwanamke aliyenijua tangu nikitambaa. Alisema wao wangeweza kuchanga ile nusu nyingine.

"Jumapili mbili tu," akasema. "Tutamaliza."

Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe. Halikuhitajika jicho la mjuzi kuona. Lakini tangu nianze biashara sijawahi kupokea bei ya kwanza. Sokoni kwetu anayeipokea huchekwa hadi jua linatua. Nikamwambia mtu wa Nairobi apande. Na akina mama wa kanisa nikawajibu kwa kiburi ambacho hata leo nikikikumbuka masikio yananichoma, "Asanteni, lakini tuna mali yetu. Hatujafika mahali pa kuchangiwa." Yule kiongozi alimgeukia mama. Mama alielekeza uso upande sauti yangu ilikotoka, akatabasamu.

"Wachana na yeye," akawaambia. "Huyu anajua."

Mtu wa Nairobi hakupanda. Alinyamaza. Mbinu hiyo naijua, hata mimi huitumia, kwa hiyo na mimi nikanyamaza. Mwezi wa tatu ukaisha hivyo. Mwezi wa nne ukaja na mvua zake, na mnunuzi mwingine, wa Kisumu, akataja bei ya chini zaidi, nikamcheka kwenye simu. Kila Jumapili nilikwenda Shinyalu, na kila Jumapili nilikuta mama ameacha kitu kimoja zaidi. Aliacha kuchambua maharagwe. Aliacha kwenda kisimani peke yake. Alifunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, akawa anaifuata kwa mkono, na aliponionyesha alikuwa na majivuno kama mtu aliyejenga barabara.

"Bado hujapata mtu?" alikuwa akiniuliza.

"Ninaye, mama. Nangoja apande."

"Apande mpaka wapi?"

"Mpaka afike."

Alicheka. Aliipenda jeuri yangu kwa sababu ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Na mimi nilimtazama akicheka, nikajiambia kwamba mtu anayecheka hivi hawezi kuwa amezidiwa.

Mwezi wa sita mtu wa Nairobi akapiga simu. Alikuwa na mazishi Matungu siku ya Ijumaa, na Jumamosi angepitia Kakamega. Alitaka kuziona shilingi kwa macho yake kabla ya kutoa pesa, na alikuwa ameongeza bei. Kidogo tu, kama nauli, lakini alikuwa ameongeza. Nilishangilia hadi jirani yangu wa viatu akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mkebe ulikuwa kwa mama, maana vibanda vyetu huvunjwa, basi nikamwambia ajiandae, mgeni atakuja hapo hapo nyumbani kuzitazama zile shilingi.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kilichofuata. Ukimwambia mwanamke wa rika la mama kwamba mgeni anakuja Jumamosi, ikifika Alhamisi sufuria zote ziko nje. Zinasuguliwa kwa jivu na kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, kisha zinafudikizwa juu ya kichanja ziwake juani, ili kila apitaye njiani aone hapa pana mwanamke wa namna gani. Kumwekea mgeni chombo cheusi ni kumtukana. Mama alikuwa bingwa wa kazi hiyo kijiji kizima, na hata macho yalipomtupa hakuiacha. Alipima kwa kidole. Kidole kikiteleza bila kukwama, chombo kimetakata.

Jumamosi nilimpokea mgeni stendi, tukapanda bodaboda mbili. Alikuwa mtu mzima, amevaa kofia na viatu vya mazishi vyenye udongo mwekundu wa Matungu. Mama alitusubiri mlangoni, kilemba kipya kichwani. Tulipoingia niliona sahani nyeupe katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma, na kwenye sahani shilingi zote kumi na moja.

Zilikuwa nyeupe kama vijiko vipya. Taji hakuna. Sikio hakuna. Simba alikuwa amebaki mkunjo mdogo ambao ungeuona tu kama ungejua kwamba palikuwa na simba. Alizisugua siku mbili, kwa jivu, kwa msasa, na mwisho kwa mchanga laini wa mtoni, na kwa kuwa hakuona, hakuwa na njia ya kutambua kwamba kilichokuwa kikikwama kidoleni hakikuwa uchafu. Kilikuwa uso wa mfalme.

Kwetu mgeni haulizwi shughuli kabla hajala. Basi tukakaa. Mama aliweka obusuma, ugali wetu, akaweka ingokho, kuku wa mgeni, akaweka mboga, akigusa ukingo wa kila bakuli ili ajue limekaa wapi. Mgeni aliitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akayatazama macho ya mama kwa muda. Akaokota shilingi moja, akaigeuza, akairudisha polepole sana.

"Zinang'ara?" mama akauliza.

"Zinang'ara sana, mama," akasema.

"Zilikuwa chafu, weh! Sijui baba yangu alikuwanga anaweka wapi. Nikasema mgeni hawezi toka Nairobi akute kitu chafu kwa nyumba yangu."

Akaniamuru nimpe mgeni firigisi. Katika nyumba ile firigisi haikuwa imempata mwanamume tangu baba afe. Mgeni aliila yote, akasifu, akaomba maji, akacheka mama aliposimulia jinsi babu alivyokuwa akishuka shimoni na kamba kiunoni. Mimi nilikuwa na tonge moja mdomoni muda wote huo. Tulikuwa wawili tuliojua, na mmoja aliyefurahi.

Nje, karibu na majani chai, aliniambia kwamba sasa ni chuma cha kupima tu, na kwamba asingeweza kuzichukua. "Ile moja niliitaka kweli," akasema. Kisha akauliza macho ya mama yana nini. Nikamweleza, na habari za upasuaji, na tulichokuwa tunangojea. Alivua kofia.

"Dada, mbona hukuniambia? Ningetuma pesa ule mwezi wa tatu."

Bodaboda yake ikawashwa, akaondoka, nami nikarudi ndani.

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza. Mama alikuwa akikusanya vyombo kwa kupapasa, akiimba chinichini. Aliuliza mgeni amesemaje. Nikamfokea. Nilimuuliza ni nani aliyemtuma. Nilimwambia zile hazikuwa sufuria, kwamba amefuta pesa yote kwa mikono yake mwenyewe, na sasa akae gizani kama alivyotaka. Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, kwenye nyumba yake, akiwa ameshika sahani ya mgeni.

"Kwani walitaka zikiwa chafu?" akauliza.

"Ndiyo!"

"Pole, mama. Sikujua."

"Hungeuliza?"

Akakitafuta kiti kwa mkono, akakikosa. Kilikuwa hatua moja kutoka pale niliposimama. Sikumsogezea.

Akina mama wa kanisa walizipata habari, na hakuna hata mmoja aliyenikumbusha nilichowaambia. Walichanga, safari hii pesa zote, kwa Jumapili mbili kama walivyosema awali. Mwezi wa saba tukarudi kwa daktari yule yule. Alimpima mama kwa muda mrefu, kisha akamwomba atupishe kidogo. Mama akaongozwa hadi kwenye benchi la nje, amekumbatia pochi yangu asije mtu akainyakua.

Daktari aliniambia jicho la kulia limekufa. La kushoto limebakiza mwanga tu, wa kujua kwamba ni mchana. Hakuna kisu cha kurudisha kilichoondoka. Nikamuuliza kama ni zile wiki za mwisho zilizotuponza, zile baada ya mgeni kuja, maana nilitaka sana iwe hivyo. Akatikisa kichwa.

"Hii iliisha mapema," akasema. "Mwezi wa nne, labda wa tano. Mlikuwa mnangoja nini?"

Nilisimama, nikatoka. Kumbe siku mama aliyoketi na jivu lake na mchanga wake, hata kama asingezigusa zile shilingi, hata kama mgeni angelipa mara tatu, hapakuwa tena na macho ya kuokoa. Yalikuwa yameondoka mimi nikinyamaziana na mtu kwenye simu.

"Amesema?" mama akauliza pale kwenye benchi.

"Amesema tumechelewa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akiijua hukumu. "Ni zile silingi," akasema. "Kama singezisugua, ningekuwa nimetibiwa."

Nilifungua mdomo. Nikamwambia tuondoke, mvua inakuja.

Tangu siku hiyo mama haoshi vyombo. Jirani ndiye humsaidia. Mama hukaa mlangoni, mikono mapajani, viganja juu, na ukimpa kitu cha kushika husita kwanza. Wanawake wa kanisa wakija huwaambia, "Mtoto wangu alikuwa amepata mtu mzuri sana, mimi nikaharibu." Hulisema kwa sauti kubwa ili wasije wakanilaumu mimi. Yule kiongozi wao huwa ananitazama wakati huo. Yeye anakumbuka mwezi wa tatu. Anajua nilichokataa, na ananingoja niseme, na mimi huinuka kwenda kuongeza maji kwenye chai.

Nimejiambia mengi. Kwamba ukweli hautamrudishia macho. Kwamba ni mzee, aachwe na amani yake. Lakini mimi ni mchuuzi, na maneno ya kufunika doa nayajua nikiyasikia. Ukweli ni kwamba naogopa. Mama ananiona mjuzi, na ni yeye peke yake duniani anayeniona hivyo sasa.

Jumapili iliyopita kulikuwa na meza ya Bwana. Kanisani kwetu mtu haendi mezani akiwa na neno kati yake na mwenzake. Lazima wamalizane kwanza nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kumvalisha mama gauni, namtafutia viatu, aliponishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mama, kaa kidogo," akasema. "Mimi nimekuwanga naenda kwa meza na hii kitu kwa roho. Ulinikasirikia, na ulikuwa na haki. Baba yangu alinipea mali, wewe ukaitafutia mtu, mimi nikaimaliza. Nataka uniambie leo. Umenisamehe?"

Nilimtazama. Angalau hilo mimi naliweza. Alikuwa ameinua uso, akingoja, na hakukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba, wala haraka yoyote, kengele ilikuwa bado. Sentensi nzima ya ukweli nilikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa fupi.

"Nimekusamehe, mama," nikamwambia.

Akashusha pumzi. Akanishukuru, akaniomba nimfungie kilemba vizuri, tukaenda kanisani.